Mlango wa Ubavuni

Risasi ipitayo mguuni huvunja mfupa; ipitayo tumboni huweza kuua hata kama tundu lake halizidi upana wa kidole. Sababu ni utumbo mpana. Humo mna kinyesi, na ndani ya kinyesi vijidudu visivyohesabika, ambavyo havidhuru vikiwa mahali pao. Utumbo ukitoboka, uchafu humwagika tumboni, na majeruhi aghalabu hufa kwa homa na uvimbe baada ya siku chache.

Katika Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, matabibu wa Kiingereza waliona kwamba waliopasuliwa tumbo walikufa wengi kuliko walioachwa. Wakashika shauri la kuacha. Tusiwacheke: walifanya kazi katika mahema, maji haba, na majeruhi waliwafikia wamechelewa. Lakini shauri hilo lilichukuliwa hadi Vita Kuu ya 1914, vita vya mizinga, likaangamiza watu. Mwaka 1915 lilikuwa likitupwa, majeruhi wakapasuliwa mapema. Hata hivyo, katika kila kumi walioumia utumbo mpana, sita hivi walikufa. Mshono wa utumbo mara nyingi ulifumuka.

Katika vita vya pili, Heneage Ogilvie, mpasuaji Mwingereza aliyekuwa na majeshi katika jangwa la Afrika Kaskazini, alihimiza utumbo uliojeruhiwa usirudishwe ndani. Utolewe nje ya ngozi, choo kipite hapo mpaka jeraha lipone, kisha mlango ufungwe. Wapasuaji huuita kolostomi. Haukuwa mpya: Duret wa Ufaransa alimfanyia mtoto mchanga mwaka 1793, naye akaishi mpaka utu uzima. Oktoba 1943 jeshi la Marekani likaamuru ufanywe kwa kila jeraha la utumbo mpana.

Ilikuwa amri nzito kwa kijana wa miaka ishirini. Aliamka akaona choo kikimtoka ubavuni, wala hakuweza kukizuia, kwa kuwa mlango huo hauna msuli wa kuubana. Sidhani wote walishukuru siku ile ya kwanza. Lakini vifo vilishuka hadi watatu au wanne katika kumi, ingawa penisilini na damu ya kuongezewa zilisaidia pia.

Mwaka 1979 Stone na Fabian, huko Marekani, walionyesha kwamba majeraha yaliyochaguliwa vyema yaweza kushonwa papo hapo. Tangu hapo mlango huo umebakiwa hasa na walioumia vibaya zaidi.