Msimvike Mtumwa Kanga

Nguo ya makumbusho ni ushahidi. Nimepata kuona maigizo ambamo mjakazi wa Unguja wa mwaka 1860 amefunga kanga yenye methali. Mimi nasema huko ni kuficha dhiki yake. Enzi hizo watumwa walivaa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi iliyopewa jina hilo kwa kuletwa na meli za Marekani, au kaniki iliyotiwa nili. Kanga zilienea baadaye. Amri ya 1897 ilipokomesha utumwa, wanawake wengi walioachwa huru waliivua kaniki wakajifunga kanga, kuonyesha kuwa nao ni waungwana. Tukimvika mapema, tunamnyang'anya siku hiyo. Fundi, kabla ya kushika mkasi, uliza mwaka.