Taar: Redio iliyounganisha jamaa waliotawanywa na vita

KABLA ya simu za mkononi kufika Dadaab, mkimbizi aliyetaka kujua iwapo mamake yungali hai Kismayu alikwenda kwa mwenye taar.

Taar ni jina ambalo Wasomali waliitumia redio ya mawimbi mafupi inayorusha na kupokea sauti. Katika miaka ya 1990, chombo hicho ndicho kilichokuwa simu, posta na benki ya maelfu ya watu kaskazini mashariki mwa Kenya.

Haja yake ilitokana na vita. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na huduma za posta na simu nchini Somalia zikasambaratika. Wakimbizi walivuka mpaka, na kambi ya Ifo ikaanzishwa mwaka huo karibu na mji mdogo wa Dadaab, yapata kilomita 100 kutoka Garissa. Kambi za Dagahaley na Hagadera zilifuata mwaka 1992.

Utaratibu wa taar ulikuwa rahisi. Mwendeshaji alimwita mwenzake wa mji mwingine katika masafa waliyoafikiana, akamtajia jina la anayetafutwa na ukoo wake. Yule wa pili alituma mtu kumtafuta, na saa ya mazungumzo ikapangwa.

Waliozungumza walipokezana zamu, kwa kuwa redio ya aina hiyo haipokei sauti wakati inaporusha. Faragha haikuwepo: yeyote aliyefungulia masafa hayo alisikia habari za ndoa, msiba na deni. Mwanaanthropolojia Cindy Horst, aliyefanya utafiti Dadaab na kuchapisha kitabu chake mwaka 2006, ameeleza jinsi taar ilivyokwenda sambamba na xawilaad, mfumo wa Wasomali wa kutumiana fedha kwa kuaminiana.

Siri ya redio hii imo angani. Mawimbi mafupi, yaani yale ya kati ya megahezi 3 na 30, hupanda hadi tabaka la juu la anga lililochajiwa na miale ya jua, kisha huakisiwa na kurudi ardhini mbali sana. Aghalabu masafa ya juu hufaa mchana na ya chini usiku.

Vifaa vyenyewe si vingi. Kwa masafa ya megahezi 7, waya wa mita 20 hivi uliotandazwa kati ya nguzo mbili unatosha kuwa antena. Umeme hupatikana kwa betri ya gari, inayoweza kuchajiwa kwa jua.

Lililokuwa gumu ni sheria. Taar nyingi ziliendeshwa bila leseni, katika eneo lililokuwa chini ya hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Waya uliomwezesha mama kusikia sauti ya mwanawe ungeweza pia kupeleka habari za watu wenye silaha, na maafisa wa usalama hawakuwa na njia nyepesi ya kutofautisha.

Hapa ndipo taar inapotengana na redio ya ridhaa, ingawa mitambo yake inafanana. Redio ya ridhaa ni mawasiliano yanayofanywa kwa mapenzi, bila malipo. Wapenzi wake hufunga safari hadi pembe za mbali za dunia, wakatundika antena na kuitwa na mamia ya wenzao wanaotaka kuihesabu nchi hiyo. Orodha inayofuatwa na wengi wao ina nchi na maeneo 340, Kenya ikiwa mojawapo.

Anayetaka kufanya hivyo Garissa, Wajir au Mandera sharti awe na kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Hutambulika hewani kwa herufi na tarakimu alizopewa, ambazo kwa kawaida huanza na 5Z4. Haruhusiwi kufanya biashara wala kuficha maana ya maneno yake kwa lugha ya siri. Salamu za watu wengine kuvuka mipaka huruhusiwa hasa wakati wa dharura na maafa. Kwa hivyo kazi kubwa ya taar, ya kupeleka habari za jamaa na fedha, haikuwa na nafasi katika kanuni hizo.

Ni busara pia kuwaarifu wakuu wa usalama wa mahali kabla ya kusimamisha mlingoti. Joto hupita nyuzi 35, vumbi huingia mitamboni, na msimu wa mvua radi hulazimu antena kuteremshwa.

Simu za mkononi ziliiondoa taar katika miaka ya 2000. Hata hivyo, simu hutegemea milingoti, na wapiganaji wa Al-Shabaab wamelipua mingi katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa. Mafuriko nayo yamekata barabara ya Garissa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 1997 na 2023.

Mlingoti ukianguka, kijiji kizima hunyamaza. Redio ya mawimbi mafupi haihitaji mlingoti wowote njiani. Inahitaji waya, betri, na mtu wa upande wa pili anayesikiliza.