Mwaloni wa Sally, Mpundu wa Chitambo

Mwaka 1909, mwaloni mkongwe uliosimama kando ya Oak Tree Lane, Selly Oak, kusini mwa jiji la Birmingham, ulikatwa. Kisiki chake kilihamishiwa Selly Oak Park na kupachikwa bamba linaloeleza kwamba mti huo ndio chimbuko la jina la kitongoji. Wakazi walikuwa pia na hadithi yao, fupi na yenye giza: mwaloni ulikuwa wa Sally, yaani Sarah, mwanamke aliyesemwa kuwa mchawi.

Hadithi hiyo imejengwa juu ya vitu vitatu. Kwanza ni jina. Sally ni jina la kubembeleza. Kwa hiyo mchawi huyu si jitu la porini, bali ni jirani, na hapo ndipo hofu inapokaa. Pili ni mti, ambao huishi kuliko wanadamu na hivyo hutwishwa ushahidi wa mambo ambayo hakuna aliyeyaona. Tatu ni njia panda, kwani mwaloni ulikuwa karibu na makutano ya barabara ya Bristol. Uingereza, hadi sheria ya mwaka 1823, waliojiua waliweza kuzikwa njia panda. Msomaji wa Pwani, anayejua kafara huwekwa wapi, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Hata hivyo, kumbukumbu zinampinga Sally. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kinapataja mahali hapo kama Escelie, na wataalamu wa majina hulihusisha neno hilo na uwazi wa msituni ulio juu ya kilima chenye ubapa. Maana ya jina ilipofifia, jina likatafutiwa mtu. Bagamoyo imepitia njia hiyohiyo: wapo wasikiao humo kilio cha mtumwa anayeubwaga moyo, na wapo wasikiao pumzi ya mpagazi aliyetua mzigo. Tofauti ni kwamba Selly Oak mzigo wa maana ulitwikwa mwanamke, naye akatiwa hatiani bila kesi.

Mti mwingine unastahili kuwekwa kando ya huu. Mei 1873, David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, moyo wake ulizikwa chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, alichonga kwenye shina jina la marehemu pamoja na majina ya baadhi ya viongozi wa msafara. Kisha akina Susi na Chuma wakaubeba mwili hadi Bagamoyo. Mwishoni mwa karne hiyo mpundu nao ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London.

Miti yote miwili imeacha mbao na majina. Selly Oak lipo jina lisilo na mtu. Chitambo walikuwapo watu wa kweli, lakini hata mkono uliochonga unakumbukwa kwa jina la Kiingereza, si la Kiyao. Vyuo vya Selly Oak viliwaandaa wamisionari wengi waliokwenda Afrika, na nyaraka za Church Missionary Society zimehifadhiwa jirani, katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Azisomaye aanze na swali ambalo Sally hakuulizwa: nani alikuita hivyo?