Habari za Hali ya Hewa Zilivyoanza

Twasikia kwamba kesho kaskazini mwa Uingereza kutaanguka theluji, na kusini mvua na joto kidogo, nasi twaona ni jambo jepesi. Kumbe habari hizi zilianza kwa msiba.

Usiku wa kuamkia 26 Oktoba 1859 tufani iliivunja merikebu Royal Charter pwani ya Wales; watu zaidi ya 400 wakafa. Admirali Robert FitzRoy, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa, aliona kwamba tufani yaweza kujulikana kabla haijafika. Basi bandari zikampelekea kwa simu kila asubuhi habari za upepo, baridi na uzito wa hewa. Tangu 1861 hatari ilipokaribia, alama zilitwekwa mlingotini, vyombo visitoke. Tarehe 1 Agosti mwaka ule gazeti The Times likatangaza hali ya siku mbili zijazo: kaskazini, magharibi na kusini, kila upande na yake.

Alipokosea, alidhihakiwa. Mwaka 1865 alijiua, na mwaka uliofuata kazi yake ikakomeshwa. Lakini watu wa bahari walidai maonyo yao, yakarudishwa. Na mwaka 1879 utabiri ukarudi magazetini.