Mchanga uliolowa: jinsi ya kuupakia na kuupima msimu wa mvua

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka mzima mvua haizidi sana milimita 600. Lakini miezi hiyo michache ndiyo inayoleta hasara kwa wanaouza, wanaopakia na wanaonunua mchanga na kifusi. Tangu Serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi umeongezeka, na mchanga mwingi unatoka kwenye makorongo ya vijijini. Wasikilizaji wetu wengi ni wachimbaji, makuli, madereva wa tipa au wanaojenga nyumba zao pole pole, kwa hiyo hapa tunaeleza maji yanafanya nini ndani ya mchanga.

Tuanze na uzito. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1,600. Ukilowa hadi maji yajae kati ya chembe, unakaribia kilo 2,000. Tipa yenye bodi ya mita 10 iliyokuwa inabeba tani 16 kiangazi sasa inabeba karibu tani 20, na kwa macho mzigo ni uleule. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma zenye matairi pacha, na huo ni uzito wa gari pamoja na mzigo. Dereva anayepakia kwa mazoea ya Agosti atashangaa mizani Januari. Punguza ndoo moja au mbili za kijiko, au acha lundo lichuje maji usiku kucha kabla ya kupakia.

Jambo la pili linawachanganya wengi. Mchanga wenye unyevu kidogo, sio uliolowa chapachapa, huvimba. Maji hujipaka kwenye kila chembe kama utando na kuzisukuma zikae mbalimbali. Unyevu wa asilimia 5 hivi unatosha kuongeza ujazo kwa robo, na mchanga mwembamba huvimba zaidi ya ule mnene wa korongoni. Ukiuzamisha kabisa kwenye maji, utando ule unapotea na mchanga unarudi chini kama mkavu. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa tripu ya mita 10 siku ya manyunyu anaweza kuwa amelipia mita 8. Si lazima muuzaji awe mwizi. Mara nyingi naye hajui.

Kupima ni rahisi. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, mimina mchanga ulivyo bila kuushindilia, sawazisha, pima kimo kwa rula. Tuseme ni sentimita 20. Umwage pembeni, weka maji nusu ya kopo, urudishe mchanga wote huku ukikoroga kwa kijiti, kisha pima tena. Ukisoma 16, mchanga wako umevimba kwa asilimia 25. Fundi anayechanganya ndoo 4 za mchanga kwa ndoo moja ya saruji inabidi aweke 5, la sivyo anatumia saruji kupita alivyokusudia. Na maji ayapunguze: kila kilo 100 za mchanga huo tayari zina lita 5 hivi. Zege lililozidishwa maji linamwagika vizuri na kupendeza machoni, lakini likikauka ni dhaifu.

Utando uleule wa maji ndio unaoua watu. Mchanga mkavu hauwezi kusimama wima. Unateleza mpaka upate mteremko wake. Wenye unyevu unasimama kama ukuta, na mchimbaji anaona ni salama kuendelea kuchimba chini yake. Jua likiukausha, au mvua ikiujaza maji, kinachoushikilia kinatoweka na ukuta unashuka wote kwa mara moja, bila kutoa ufa wa kuonya. Mita moja ya ujazo inayokuangukia kifuani ina uzito wa gari dogo. Usichimbe pango chini ya ukingo, usipumzike kwenye kivuli chake, na asubuhi baada ya mvua ya usiku angusha kwanza sehemu ya juu ukiwa umesimama pembeni.

Kwa mwendesha kijiko hali ni hiyo hiyo. Lundo lisizidi kimo ambacho ndoo ya mashine inafikia. Likizidi, linaweza kuifunika kabini. Liwekwe mahali palipoinuka, penye mteremko wa kutoa maji, na tabaka la chini kabisa liachwe kwa kuwa lina tope. Tembea na ndoo chini karibu na ardhi, usiijaze kichungu, na usikate kona kwa kasi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama maeneo ya Bahi, matairi yatazama hata ukiwa mtupu. Mwaga kokoto au moramu kwenye njia kabla ya msimu, maana kumwita mtu wa kukuvuta ni ghali kuliko tripu mbili za moramu.

Kifusi chenye mfinyanzi hung'ang'ania kwenye bodi ya tipa. Bodi ikiwa juu na mzigo umeganda upande mmoja, gari linaweza kulala. Tumeona vijana wakipanda na koleo kuuchokoa bodi ikiwa imeinuliwa. Ishusheni kwanza, gari lisogee mahali pagumu na tambarare, ndipo mchokoe. Ndoo ya kijiko nayo isafishwe ikiwa imelala chini na injini imezimwa.

Korongo lenyewe halina huruma. Maji yanaweza kushuka wakati juu yako ni jua tupu kwa sababu mvua imenyesha milimani; mafuriko ya aina hiyo yamekata reli ya kati mara nyingi kati ya Kilosa na Gulwe. Usiache mashine wala tipa kitandani mwa korongo usiku. Mkisikia mngurumo, acheni vifaa mpande ukingoni.

Kwa wenyeviti wa vijiji: mchanga wa ujenzi ni madini kisheria na uchimbaji wake unahitaji leseni, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mchanga wa korongo ndio unaohifadhi maji mnayochota kwa kufukua visima miezi ya Septemba na Oktoba. Tipa zikiubeba mpaka kwenye mwamba, maji ya mvua yanapita moja kwa moja na visima hivyo vinakauka mapema.