Namba Zinazotangulia Hesabu

Lewis Fry Richardson alikuwa na miaka 34 alipoacha kazi mwaka 1916. Alikuwa msimamizi wa kituo cha uchunguzi cha Eskdalemuir, kusini mwa Scotland, chini ya idara ya hali ya hewa ya Uingereza, na alipewa nafasi ya kufanya utafiti alioupenda. Lakini alikuwa Mkwekeri, muumini wa dhehebu la Marafiki, lile lile lililofungua misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na imani yake haikumruhusu kushika bunduki. Akavuka bahari kwenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa. Kwenye mizigo yake mlikuwa na rasimu ya kitabu, na zamu ilipokwisha, huku mizinga ikisikika, aliketi kukokotoa hali ya hewa kwa kalamu na karatasi.

Siku aliyokuwa akiitabiri ilikuwa imeshapita zamani. Aliichagua tarehe 20 Mei 1910, saa 1 asubuhi kwa saa za Greenwich, kwa sababu moja tu: asubuhi hiyo maputo yenye vipimo yalirushwa sehemu nyingi za Ulaya, na mtaalamu wa hali ya hewa Vilhelm Bjerknes, akiwa Leipzig, alikwisha kuzichora takwimu zake kwenye ramani. Richardson alitaka kuona kama milinganyo ya fizikia, ikianza na hali ya asubuhi ile, ingeweza kueleza kilichofuata.

Milinganyo yenyewe ilijulikana. Tatizo ni kwamba milinganyo haisemi uikate anga vipande vya ukubwa gani. Hilo mkokotoaji huamua mwenyewe, kabla hajaandika tarakimu ya kwanza. Richardson akaikata Ulaya ya kati kama ubao wa drafti, kila mraba nyuzi 3 za longitudo kwa kilomita 200 kutoka kusini kwenda kaskazini. Kwenye miraba ya aina moja aliweka mgandamizo wa hewa, kwenye ya aina nyingine akaweka upepo. Kwenda juu akaigawa hewa tabaka 5. Mwisho akaweka hatua ya muda: angeangalia badiliko la saa 6, saa 3 kabla ya saa 1 asubuhi na saa 3 baada yake. Ukiniuliza, hapo ndipo historia ya modeli za anga inapoanzia, kwenye zile namba tatu au nne alizoziweka mtu mmoja kwa kukadiria.

Kuandaa fomu na kumaliza hesabu kulimchukua karibu wiki 6. Jibu likatoka: katika eneo la Bavaria mgandamizo wa hewa ungepanda kwa milibari 145 ndani ya saa 6. Msomaji asiyezoea vipimo hivi ajue kwamba hata kimbunga kikali cha baharini ni nadra kuushusha mgandamizo kiasi hicho. Na siku ile, Bavaria, baromita hazikusogea sana.

Mtu mwingine angezichoma karatasi. Richardson hakuzichoma, ingawa nusura zipotee zenyewe: wakati wa mapigano ya Champagne, Aprili 1917, rasimu ilipelekwa nyuma ya mstari wa vita ikatoweka, kisha miezi kadhaa baadaye ikaonekana Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe. Kitabu kilitoka Cambridge mwaka 1922, na kosa la milibari 145 likiwa wazi ndani yake, hatua kwa hatua, ili yeyote atakaye alikague.

Ni rahisi kudhani kwamba alikosea kujumlisha. Hapana. Peter Lynch, mtaalamu wa Ireland aliyezirudia hesabu zile kwa kompyuta, alikuta hesabu ni sahihi kwa kadiri ya mambo makubwa. Kilichoharibika ni mwanzo. Upepo na mgandamizo vilivyopimwa kwa maputo machache havikukubaliana, na tofauti hiyo ndogo ndani ya milinganyo ikageuka mawimbi makubwa ya uongo. Lynch alipozilainisha takwimu za mwanzo kisha akapiga hesabu ile ile, badiliko lilishuka chini ya milibari 1.

Kulikuwa na mtego wa pili ambao Richardson hakuufikia, kwa kuwa alipiga hatua moja tu. Mwaka 1928 wanahisabati watatu wa Ujerumani, Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy, walichapisha makala ambayo haikuhusu hali ya hewa kabisa. Ndani yake mlikuwa na sharti: katika hatua moja ya muda, wimbi lisipite umbali mkubwa kuliko unaofikiwa na hesabu ya hatua hiyo. Likivuka, makosa madogo hukua kila hatua hadi namba zinapasuka. Sasa chukua miraba ya kilomita 200. Mawimbi ya kasi zaidi angani hukimbia mita 300 na ushei kwa sekunde, basi yanahitaji kama dakika 10 kuvuka mraba. Richardson alikuwa ameweka saa 6. Angeendelea na hatua ya pili, ya tatu, ya kumi, hata takwimu safi zisingemwokoa. Na kwa hatua za dakika 10, siku moja tu inadai hatua 144, zote kwa mkono.

Ndiyo maana jambo hili lililala mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Machi 1950, kwenye uwanja wa majaribio wa jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, kikundi kidogo kilipewa nafasi ya kutumia ENIAC, kompyuta iliyojaza chumba kizima. Jule Charney, mmoja wa kikundi hicho, ndiye aliyekuwa ameipata njia ya kuuruka mtego. Badala ya milinganyo yote ya Richardson, alitumia mmoja uliorahisishwa, unaofuatilia mzunguko wa hewa katika tabaka moja la katikati ya anga. Ndani ya mlinganyo huo mawimbi ya sauti na yale mengine ya kasi hayamo. Yakishaondoka, sharti la 1928 linalegea: miraba yao ilikuwa na upana wa kilomita 736 kwenye Ncha ya Kaskazini, 15 kwa 18, na waliweza kuweka hatua ya saa 1, saa 2 hata saa 3, majibu yakakaribiana.

Walifanya kazi siku 33, usiku na mchana. Kila hatua ilitema kadi za kutobolewa, zikapangwa kwa mashine, zikarudishwa ndani. Kwa jumla zilitumika kama 100,000. Utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 kuutengeneza, yaani mashine ilikwenda sambamba na anga yenyewe. Klara von Neumann, mke wa mwanahisabati John von Neumann, ndiye aliyewafundisha wataalamu hao kuandika programu za ENIAC na kuikagua ya mwisho. Jina lake limo kwenye shukrani za makala yao, si miongoni mwa waandishi, na kwa maoni yangu hiyo ni hesabu nyingine iliyokosewa. Charney alimpelekea Richardson matokeo. Mzee alikuwa ameshaiacha tena idara ya hali ya hewa ilipowekwa chini ya Wizara ya Anga, wizara ya ndege za kivita, na baadaye akawa anatafiti chanzo cha vita kwa njia ya hisabati. Alijibu kwa furaha. Alifariki mwaka 1953.

Kuanzia hapo matatizo yakabadilika sura. Mwaka 1956 mtaalamu wa hali ya hewa Norman Phillips aliiacha modeli yake ijiendeshe kwa wiki kadhaa, nayo ikazaa pepo na mikanda ya dhoruba inayofanana na ya dunia halisi, kisha ikavurugika. Alipochunguza aligundua kwamba kufupisha hatua ya muda hakusaidii. Mikondo midogo kuliko mraba haina pa kwenda, nguvu zake hujirundika kwenye miraba midogo kabisa mpaka modeli inavunjika. Akio Arakawa, aliyetoka Japani kwenda Los Angeles, alilitibu kwa kuiandika milinganyo upya ili nguvu zisiongezeke kwa uongo. Joseph Smagorinsky, aliyekuwa kijana katika kikundi cha ENIAC, alipita njia nyingine: mwaka 1963 aliongeza msuguano wa kubuni unaofuata jinsi mtiririko wa hewa unavyovutwa na kupindwa, nguvu yake ikishikwa na namba moja. Namba hiyo ni ipi? Douglas Lilly aliikokotoa kwa nadharia akapata kama 0.17. Mwaka 1970 James Deardorff, akiiga mtiririko ndani ya mfereji, alilazimika kuishusha hadi 0.10, la sivyo misukosuko ya mtiririko ilikuwa inafifia mno. Fizikia ni ile ile, hewa ni ile ile, kigezo tofauti.

Urithi wote huo leo umekaa kwenye faili moja fupi la maandishi. Modeli ya WRF, iliyojengwa Marekani na ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa Kenya nazo zimeitumia, huanza kwa kusoma faili liitwalo namelist.input. Ukilifungua unawakuta wazee wote. Mstari wa dx ni upana wa mraba kwa mita. Ukiandika 9000 umechagua kilomita 9. Mstari wa time_step ni sekunde za kila hatua, na waundaji wanashauri mara 6 ya kilomita za mraba, hivyo unaweka 54. Ukitaka eneo dogo zaidi ndani ya kubwa, uwiano wa kawaida ni 3: miraba ya kilomita 3, hatua za sekunde 18. Kila unapoupunguza upana kwa nusu, miraba inakuwa mara 4 na hatua mara 2, yaani kazi mara 8, ndiyo maana watu hujadiliana sana kabla ya kuugusa mstari wa dx.

Kanuni ya mara 6 ni ya kuanzia tu. Kwenye miinuko mikali kama Kilimanjaro au Rwenzori, hewa inayopanda kwa kasi huweza kulivunja sharti la 1928, na faili la kumbukumbu huanza kujaa mistari yenye herufi cfl, herufi za kwanza za majina ya wale Wajerumani watatu, kisha modeli inasimama. Anayeiendesha hushusha 54 hadi 45 au 36 akaanza upya.

Kuna mstari mwingine, cu_physics, wa kuchagua namna ya kukadiria mawingu ya radi yasiyoenea kwenye mraba. Kwenye kilomita 9 huwashwa. Kwenye kilomita 3 huwekwa 0, kwa kuwa modeli inaweza kuyaona mawingu makubwa yenyewe. Katikati ya hapo wataalamu hawajakubaliana, na kwa Ziwa Victoria ubishi huo una uzito. Ziwa lina kilomita za mraba kama 68,800. Kwenye modeli ya miraba ya kilomita 100 linakuwa miraba 7 hivi, na upepo wa usiku utokao nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya maji, ule unaozaa dhoruba zinazoua wavuvi, haupati nafasi ya kutokea. Kwenye kilomita 9 ziwa hilo lina miraba zaidi ya 800.

Lakini hata hapo lipo jambo la kuangalia kabla ya kubonyeza. Faili za joto la maji mara nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya bahari. Modeli isipopata joto la ziwa huweza kulichukua kutoka maji ya karibu inayoyajua, na kwa Victoria hayo ni Bahari ya Hindi, mita 1,134 chini yake na yenye joto zaidi. Ziwa likipewa joto la bahari, mvua ya usiku inazidi. WRF ina programu ndogo inayokokotoa wastani wa joto la juu ya ardhi kwa siku na kuutumia kwenye maziwa, ila haijiwashi. Lazima mtu aiendeshe kwanza, kisha aitaje jina kwenye faili la maandalizi.