Harufu ya Radi Sebuleni

Ozoni ilipewa jina kwa sababu inanuka. Mwaka 1839 Christian Friedrich Schönbein, profesa wa kemia mjini Basel, Uswisi, alikuwa akipitisha umeme kwenye maji akasikia harufu kali, ileile inayobaki hewani radi ikishapiga. Jina akalitoa kwenye neno la Kigiriki la kunuka. Alipoivuta gesi yenyewe, kifua kilimbana na kupumua kukawa shida. Kishikeni hicho kifua, tutakirudia.

Ajabu ni kwamba Ulaya iliisifu hata hivyo. Karne ya 19 iliamini ati ozoni ndiyo usafi wenyewe wa hewa, na wagonjwa wakaenda pwani kuivuta. Kumbe ile harufu ya ufuo hutokana zaidi na mwani na viumbe vidogo vya baharini. Lakini sifa ikishatoka imetoka. Hadi leo naiona kwenye simu yangu: kidude cha kuchomeka ukutani, "UV na ozoni", kinachomaliza kuvu wote kwenye mimea ya ndani. Mimi naishi kwa keja ya chumba kimoja na dada yangu mwenye pumu, vyungu vimejaa dirishani, na udongo wake huota utando mweupe kila msimu wa mvua. Kwa hivyo habari hii kwangu si ya kujifurahisha tu.

Upande wa mwanga una historia ya heshima zaidi. Mwaka 1801, mjini Jena, Johann Wilhelm Ritter aligundua miale isiyoonekana, inayokaa ng'ambo ya rangi ya urujuani. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, waliweka juani mirija yenye maji ya kukuzia vijidudu, mingine wakaifunika. Iliyofunikwa ilichafuka, iliyoota jua ikabaki angavu. Baadaye zikaja taa za mvuke wa zebaki, ambazo miale yake ya nanomita 254 huvuruga DNA ya kijidudu. Taa hiyohiyo, kioo chake kikiruhusu miale ya nanomita 185 ipite, hugeuza oksijeni ya chumba kuwa ozoni. Ndiyo maana vitu hivi viwili huuzwa pamoja kama chai na mandazi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Albert Kelner, Mmarekani aliyekuwa Cold Spring Harbor. Alikuwa akipiga miale hiyo kwenye spora za Streptomyces griseus, bakteria anayeota kama kuvu, ndiye aliyetupa dawa ya streptomaisini. Matokeo yalimchanganya. Siku nyingine zilikufa karibu zote, siku nyingine nyingi zilifufuka, na kipimo ni kilekile. Alishuku joto. Lakini wapi! Ilikuwa ni mwanga wa kawaida. Alichapisha hayo mwaka 1949: spora zikionja mwanga baada ya kuchomwa, hujitengeneza upya. Kuvu wengi nao wana ufundi huo. Wakulima wa stroberi wanaopambana na ukungu wa unga kwenye majani siku hizi hupitisha taa hizo usiku, kuvu akose mwanga wa kujiponya na kipimo kiwe kidogo, jani lisiungue.

Sasa fikiria kidude kinachowaka mchana dirishani. Tena miale haipindi kona: chini ya jani ni kivuli, ndani ya udongo ni giza. Na ukiitazama taa yenyewe, macho yatawasha kama yametiwa mchanga.

Ozoni inapinda kona, hilo ni kweli, ila inamfuata kila mtu. Los Angeles, miaka ya 1940, mboga zilikuwa zikitoka madoa mashambani. Arie Haagen-Smit wa Caltech akaonyesha kwamba moshi wa mafuta ya magari ukipikwa na jua huzaa ozoni. Kufikia 1959 watafiti walikuwa wameiona alama yake kwenye majani ya mizabibu na ya tumbaku. Aina moja ya tumbaku, Bel-W3, huumia upesi kiasi kwamba hupandwa makusudi ili ipime uchafu wa hewa. Yaani kipimo cha kumuua kuvu chumbani humpita mmea kwanza, halafu mapafu ya dada yangu.

Utando wenyewe kwa kawaida hula majani na mbolea iliyooza, wala haugusi mmea. Mimi huukwangua na kijiko, nikaacha udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena, dirisha likiwa wazi.

California ilipitisha sheria, na kikomo kwa mashine za kusafisha hewa ni sehemu 50 za ozoni kwa bilioni. Nilimuuliza muuzaji chake hutoa ngapi. Akanijibu kina waranti ya mwaka mmoja.